Mtoto Asiyenyamaza: Kutoka Chupa ya Godfrey Hadi Mikeka ya Buganda



Ndugu wasomaji wapenzi, safari hii tuache kidogo historia ya wafalme na vita, tutazame historia ya jambo dogo lililomo ndani ya nyumba zetu kila siku. Nalo ni kilio cha mtoto mchanga. Simaanishi kile kilio cha njaa kinachokwisha mtoto akipewa ziwa. Ninamaanisha yule mtoto anayelia akilazwa, analia akibebwa, akisinzia anashtuka, na anayemlea mchana si mama yake bali ni jirani, kwa sababu mama yuko kazini.

Mimi ni mmoja wa majirani hao. Hapa Kawempe ninalea watoto wa watu nyumbani kwangu, watano au sita kwa siku. Akina mama wanaouza Kalerwe hunigongea mlango kabla hakujapambazuka vizuri, maana malori ya matooke hayawangoji. Wengine ni walimu, wengine wana saluni zao Bwaise. Mwaka juzi nililetewa mtoto wa kiume wa miezi 3 ambaye nusura anifanye niache kazi hii. Alilia mpaka wenzake wakaanza kulia pamoja naye. Mama yake aliponikabidhi alisema neno moja tu, "Hajambo," kisha akapanda boda boda akaenda zake.

Siku ya tatu alipita Hajjati mmoja, mama mtu mzima tunayemheshimu sana hapa mtaani. Akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akanihurumia. Akasema, "Mwanangu, mpe kijiko cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Atalala mpaka saa nane, nawe upate kupumua." Nikamjibu, "Ahsante Hajjati, nitaangalia." Sikumpa mtoto dawa ile. Lakini niseme kweli, sikukataa kwa elimu, nilikataa kwa woga tu. Elimu ilikuja baadaye, pale binti yangu aliyekuwa akisoma Makerere alipoanza kuniletea vitabu vya kuazima. Hiyo ndiyo ninayotaka tugawane leo, hasa na wanafunzi wetu, maana sehemu kubwa ya historia hii ilitokea hapa hapa kwetu nasi hatuijui.

Kwanza, ushauri wa Hajjati una umri mkubwa kuliko Hajjati mwenyewe.

Huko Uingereza, viwanda vya nguo viliposhika kasi katika karne ya 19, akina mama wengi wa Manchester na miji jirani walirudi kwenye mashine muda mfupi baada ya kujifungua. Hakukuwa na likizo. Watoto wao waliachwa kwa vikongwe wa mtaa au kwa wasichana wadogo, kwa malipo kidogo ya wiki. Mlezi mmoja aliweza kuwa na watoto kadhaa ndani ya chumba kimoja cha baridi, na kila mmoja ana kilio chake. Na katika maduka ya dawa, na hata maduka ya kawaida, iliuzwa chupa iliyoitwa Godfrey's Cordial. Ndani yake mlikuwa na afyuni, maji, viungo, na sharubati nzito ya kuficha uchungu. Kijiko kidogo tu, na chumba kizima kilikuwa kimya.

Bei yake ilikuwa ndogo na kila muuzaji alichanganya kwa kipimo chake, kwa hiyo mlezi hakujua chupa ya leo ina nguvu kiasi gani ikilinganishwa na ya wiki iliyopita. Wako watoto waliokufa kwa kuzidishiwa. Lakini wengi zaidi walidhoofika polepole, kwa sababu mtoto aliyeleweshwa haombi maziwa. Analala na njaa yake. Alipokufa, iliandikwa kwamba alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Friedrich Engels aliitaja dawa hiyo kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Marekani nao walikuwa na yao, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanza kuuzwa mwaka 1849 ikiwa na mofini. Akina mama hawakuambiwa kilichomo mpaka sheria ya mwaka 1906 ilipolazimisha kiandikwe kwenye chupa.

(Nitaje jambo moja kwa haraka, kwa kuwa linatuhusu sisi Waislamu. Ile "gripe water" ambayo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki imewahi kuwa nayo ilitengenezwa na William Woodward wa mji wa Nottingham mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na pombe ndani yake. Huko Uingereza pombe hiyo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi ziko za aina nyingi, basi soma karatasi ya chupa kabla ya kumnywesha mtoto.)

Tusiharakishe kuwahukumu walezi wale. Walilipwa kidogo, walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewafundisha. Mjini Paris, mwaka 1844, Firmin Marbeau alifungua nyumba ya kulelea watoto wa akina mama maskini wanaofanya kazi, na mfano wake ukaenea Ulaya. Lakini nyumba hizo zilikuwa chache kuliko mahitaji. Uingereza ilishtuka zaidi mwaka 1870, mwanamke aitwaye Margaret Waters aliponyongwa kwa kifo cha mtoto mchanga aliyekuwa amempokea kwa malipo. Walipomkamata walikuta watoto wengine nyumbani kwake, wamelala kwa dawa. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha wanaopokea watoto wachanga. Ila sheria hiyo ya 1872 iliwagusa tu wanaokaa na watoto zaidi ya saa 24. Mlezi wa mchana, yule jirani mwenye chupa ya Godfrey, hakuguswa.

Mlezi wa mchana husahauliwa kila mara, na sisemi hivyo kwa kujionea huruma. Hapa Uganda, sera ya serikali ya mwaka 2007 kuhusu watoto wadogo ilitaja malezi ya nyumbani kuwa moja ya aina zinazotambuliwa, pamoja na vituo vya kulea watoto mchana, vituo vya jamii na chekechea. Kutambuliwa ni jambo jema. Lakini mimi bado sijawahi kupewa hata karatasi moja ya mafunzo kuhusu mtoto anayelia.

Na watoto hutufikia katika umri ule ule mgumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za uzazi. Mama wa sokoni hana hata hizo, anarudi pale akiba inapokwisha. Sasa, daktari wa Marekani T. Berry Brazelton alipowaomba akina mama 80 waandike vilio vya watoto wao, aliona mwaka 1962 kwamba kilio hupanda hadi kufikia kilele katika wiki ya sita hivi, kiasi cha saa mbili na robo tatu kwa siku, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Na hao walikuwa watoto wazima wasio na ugonjwa! Kwa hiyo mtoto wa mama wa sokoni huletwa kwangu akiwa kileleni. Wako pia ambao hawapungui. Alexander Thomas na Stella Chess walioanza kufuatilia watoto wa New York mwaka 1956 waliona kwamba kama mtoto mmoja katika kila kumi huja duniani akiwa mgumu wa tabia: usingizi wake hauna mpangilio, kila kipya kinamshtua, na hisia zake ni kali. Mama hakumwharibu. Ndivyo alivyozaliwa.

Kabla ya kurudi Buganda, tukumbuke kisa ambacho wengi wetu tumekisikia katika darsa. Kinasimuliwa katika vitabu vya sira kuhusu Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, naye akatoka na Abdur-Rahman bin Awf (R.A.) kuulinda usiku. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amtunze mwanawe. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku, kilio hakijakoma, akamlaumu yule mama kuwa ni mama mbaya. Mama, ambaye hakumjua anayesema naye, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar haweki posho kwa mtoto ila aliyekwisha kuacha kunyonya. Asubuhi Umar aliswalisha watu hawakuweza kumsikia vizuri kwa kulia kwake. Kisha akatangaza kwamba posho itatolewa kwa kila mtoto anayezaliwa, na watu wasiharakishe kuwaachisha.

Mara mbili za kwanza alitoa amri. Mara ya tatu alilaumu, na hapo ndipo akaambiwa sababu, na sababu ilikuwa kanuni yake mwenyewe. Laiti angepita moja kwa moja bila kurudi, kilio kile kingebaki kuwa kosa la mwanamke mmoja.

Sasa tufike kwetu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Canada, alifika Kampala akimfuata mume wake Leonard aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Kilima cha Makerere, kama mjuavyo, leo kimo ndani ya Divisheni ya Kawempe, pamoja na Mulago. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi. Alitoka London ambako alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza watoto waliotenganishwa na mama zao. Mkurugenzi wa taasisi, Audrey Richards, akamsaidia kupata fedha kidogo za utafiti.

Alichotaka kuangalia ni desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa jjajja yake anapoachishwa ziwa, ili asahau maziwa. Alitegemea kukuta watoto wengi wanaotenganishwa hivyo siku moja na mama zao. Alipofika akakuta desturi ile imekwisha kulegea, wengi hawaifuati tena kama zamani. Mwingine angefunga mizigo. Yeye akabadilisha swali: basi mtoto huanzaje hata kumpenda mtu mmoja kuliko wengine?

Pamoja na mkalimani wake, Katie Kibuka, akazitembelea nyumba 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Watoto walikuwa 28, wenye umri tofauti, wa mwezi mmoja hadi miaka miwili. Baadhi ya familia zilikuwa za Kiislamu. Kila wiki mbili alikwenda nyumba ile ile, akakaa saa mbili hivi, kwa muda wa hadi miezi 9. Alikwenda mchana, wakati mama amekwisha kutoka katika lusuku na anaweza kupokea wageni, na alikaa sebuleni penye mikeka.

Na tukumbuke ulikuwa wakati gani. Kabaka Mutesa II alikuwa amehamishwa kwa nguvu na gavana Andrew Cohen tarehe 30 Novemba 1953, na hakurudishwa mpaka Oktoba 1955. Buganda ilikuwa na hasira na majonzi, na Mzungu hakuwa mgeni wa kupendeza. Hata hivyo akina mama wale walimfungulia mlango mwanamke wa Kizungu, wakamweleza habari za watoto wao. Mimi hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kitabu chake kina jina lake kwenye jalada, lakini walimu ndani yake ni wao.

Aliyaona mambo ambayo sisi tunayapita kila siku bila kuyaandika. Aliona watoto wanabebwa sana na kunyonyeshwa wanapotaka. Aliona mtoto anaketishwa mapema mkekani, kitambaa kimezungushiwa kiunoni ili asianguke, kwa sababu Waganda wanapenda mtoto akae kama mtu na awachekee wageni. Aliona kwamba mtoto mkubwa kidogo humtumia mama kama kituo: anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kumwangalia, anaendelea. Na aliona kwamba mama akirudi, mtoto wa Kiganda humlaki kwa kupiga makofi. Makofi! Huko kwao alizoea watoto wanaokumbatia na kubusu, na hapa hakuyaona hayo. Mwenye kulea mtoto Kampala anayajua makofi hayo.

Tena aliwaona walio kama yule mtoto wangu wa mwaka juzi. Katika watoto 28, aliwahesabu 16 kuwa wametulia katika kushikamana kwao na mama: walilia kidogo na walicheza kwa raha mama akiwepo. Watoto 7 walilia mara kwa mara hata wakiwa mikononi mwa mama, na walimng'ang'ania bila kutaka kucheza. Wengine 5 hakuona dalili kwamba wanamtofautisha mama na mtu mwingine, na miongoni mwao walikuwemo walioachwa peke yao kwa muda mrefu.

Ni nini kilichowatenganisha? Alitazama mambo mengi, na majibu hayakuwa yale ambayo mtu angeyatarajia. Upendo wa mama haukuwatofautisha, kwa sababu karibu wote walikuwa na upendo. Idadi ya walezi nayo peke yake haikuonyesha kitu: mtoto aliyelelewa na mama, jjajja na dada hakuwa lazima mwenye wasiwasi kuliko aliyelelewa na mama tu. Mambo yaliyojitokeza yalikuwa kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe alimpa mtoto, raha aliyoipata katika kumnyonyesha, na jambo la tatu ambalo nililisoma mara mbili: jinsi mama alivyoweza kueleza habari za mtoto wake. Wako walioulizwa juu ya mtoto wakasema mengi bila kusukumwa, anapenda hiki, anaamka saa ile, akichoka hufanya hivi. Wako walioulizwa juu ya mtoto wakasema juu ya mambo mengine. Watoto wa wale wa kwanza ndio waliotulia zaidi. Na wa pili, aliona, hawakuwa wabaya. Baadhi yao walikuwa wamelemewa na wasiwasi wa maisha yao mpaka hakukubaki nafasi ya kumtazama mtoto.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1967, karibu miaka 12 baada ya yeye kuondoka. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuanza uchunguzi kama huo Baltimore, Marekani, pia kwa familia 26, na huko ndiko lilikotoka lile jaribio maarufu la kumwacha mtoto kwa dakika chache katika chumba kigeni na kuangalia atafanya nini mama akirudi. Wanafunzi wa saikolojia wanalisoma dunia nzima. Sidhani wengi wao wanaambiwa kwamba mbegu yake ilipandwa kwenye mikeka ya Buganda.

Tusimfanye kuwa asiyekosea. Watoto 28 ni wachache, alisikia kwa masikio ya mkalimani, na alimtazama mama kuliko alivyomtazama jjajja au dada aliyembeba mtoto nusu ya siku. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell waliandika kwamba watoto wa Baltimore walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo kufikia mwisho wa mwaka. Akina mama wengi walifurahi, wengine walitishika. Lakini watafiti wa Uholanzi walipojaribu tena na kutoa matokeo yao mwaka 2000, hawakuupata uhusiano ule. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mtoto wako analia kwa kuwa ulichelewa dakika mbili kumnyanyua. Lililo na uzito zaidi kwetu ni jaribio la Montreal la mwaka 1986: Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao zaidi, siyo wakati wa kulia tu, na kufikia wiki ya sita watoto hao walikuwa wakilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Canada waliandika makala juu ya kubeba mtoto. Sisi tuna mbeleko tangu enzi za mababu, na sasa naona baadhi yetu tunaionea haya!

Hata hivyo kubeba hakutibu kila kilio. Barr mwenyewe alipowajaribu watoto ambao tayari walikuwa wamezidi kwa kulia, kubebwa zaidi hakukuwasaidia kwa kiasi hicho. Na hapa kwetu kulikuwa na kilio kingine kilichokuwa kikija Mulago.

Katika miaka ile ile ya 1950, kikundi cha watafiti Mulago chini ya daktari Rex Dean kilikuwa kinapambana na utapiamlo wa kwashiorkor. Mtoto huvimba, nywele hubadilika rangi, na tabia yake hubadilika: hanyamazi akiguswa, hataki chakula, hataki mtu, kisha anafika mahali hata kulia hawezi. Chakula chenye matooke matupu kilikuwa sababu kubwa. Lakini daktari wa Kifaransa Marcelle Geber, aliyewachunguza watoto hao, alieleza jambo jingine. Wengine walianza kukataa chakula tangu siku walipoachishwa ziwa na kupelekwa ghafla mbali na mama. Njaa na huzuni viliingia pamoja, na aliyemtazama kwa haraka aliona mtoto msumbufu tu.

Mwaka 1965 pale Mulago ilianzishwa nyumba ya kuwarudishia watoto afya, na ikaitwa Mwanamugimu. Jina hilo linatokana na methali ya Kiganda, omwana omugimu ava ku ngozi. Engozi ndiyo mbeleko yetu, yaani mtoto mwenye afya huanzia kwenye mbeleko. Pale mama hakufukuzwa mlangoni akaambiwa arudi mtoto akipona. Alikaa na mtoto wake, akapika, akafundishwa kuchanganya maharage, karanga na matooke, akaona kwa macho yake mtoto anaanza kucheka tena. Hawakuanza kwa kumlaumu.

Ndipo nikarudi kwa mtoto wangu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpeleka zahanati pamoja na mama yake, ili tujue kama ana homa, masikio, au uzito umesimama. Alikuwa mzima. La pili, nilimwomba mama aje robo saa mapema. Akasema, "Nnyabo, lori halinisubiri." Ni kweli, halimsubiri. Basi tukakubaliana kwamba akiwa njiani atanitumia ujumbe wa sauti kwa simu, na jioni nami nitamweleza kabla hajamfunga mgongoni. Nikanunua daftari la shilingi chache. Mwanzoni ujumbe wake ulikuwa ule ule, "Hajambo, amenyonya." Wiki ya pili akaanza kusema mengine. Mtoto hakulala usiku. Mtoto anaogopa sauti ya bati upepo ukivuma. Na siku moja, kama jambo dogo tu, akasema kwamba kijijini jjajja yake alikuwa akimlaza mgongoni wima wakati anamenya matooke, na huko hakuwa akilia.

Mimi nilikuwa nikimlaza chali kitandani na kumzungushia mito, nikidhani ninamfanyia hisani. Kuanzia siku hiyo nikamenya matooke yangu saa nne asubuhi naye yuko mgongoni. Nikaacha pia kumgawa kwa kila msichana anayekuja kunisaidia. Akawa ni wangu mimi, na siku nikiumwa, ni wa mtu mmoja mwingine anayemjua. Kulia hakukuisha. Kulipungua kutoka asubuhi nzima hadi saa moja hivi, na ile saa moja tuliizoea wote, hata watoto wenzake.

Nikiri na jambo jingine, maana najua wako walezi wanaosoma hapa wakiwa peke yao na mtoto anayelia. Kuna siku mikono yangu ilitetemeka kwa hasira. Nilimlaza mahali salama, nikatoka nje mlangoni, nikatawadha kwa maji baridi, nikarudi. Katika miaka ya 1970 daktari John Caffey wa Marekani alieleza jinsi kumtikisa mtoto mchanga kunavyoweza kuvuja damu ndani ya kichwa chake bila jeraha lolote kuonekana nje. Afadhali alie dakika tano peke yake kuliko hilo.

Hajjati alipita tena baada ya miezi kadhaa. Akamkuta ameketi mkekani, kitambaa kiunoni, anamchekea. Akaniuliza, "Ulimpa ile dawa?" Nikamwambia hapana, nikamsimulia habari za Godfrey na za wale watoto waliolala na njaa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema wanawe wawili wa mwanzo aliwalea peke yake, mume akiwa safarini, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza walikuwa wanalia kwa nini.

Mtoto huyo sasa anatembea. Jioni mama yake akiingia, harufu ya vitunguu vya sokoni mwilini, humpigia makofi. Jumatatu bado analia akiachwa.